Feni ya Kutoa Hewa Nyumbani: Namna ya Kuifunga kwa Nyumba za Kigoma, Mpya na za Zamani

Mwezi wa pili mwaka jana, mvua ikiwa imekolea, niliitwa Gungu kwenye nyumba ambayo haikuwa imetimiza miaka minne tangu ihamiwe. Mama mwenye nyumba alinipeleka moja kwa moja kwenye bafu la chumba cha masta, akanyoosha kidole juu. "Fundi, bati limetoboka. Nimeshaleta watu wa paa mara mbili, wanapaka silikoni wanaondoka, doa linarudi." Doa lenyewe lilikuwa la kahawia, pana kama sinia, na pembeni yake ukungu mweusi ulishaanza kutambaa kuelekea chumbani.

Nilipanda darini na tochi. Bati lilikuwa zima. Ila upande wa chini wa bati, kote juu ya bafu, matone yalikuwa yamening'inia kama jasho, na papi (ubao unaoshikilia bati) iliyokuwa karibu nilipoichoma kwa bisibisi, bisibisi ilizama hadi nusu. Hapo chini yangu feni ya kutoa hewa ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Aliyeifunga alikata jipsamu, akaipachika, akaunganisha umeme, akaondoka. Bomba la kupeleka hewa nje hakuweka. Miaka yote hiyo kila aliyeoga maji ya moto, mvuke wake ulisukumwa juu ya dari, usiku bati likipoa unageuka maji, na maji yanarudi kwenye mbao na kwenye jipsamu.

Nyumba ile ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Feni haitengenezi hewa, inaihamisha tu. Itatoa kiasi kile kile ulichoruhusu kiingie, na itakipeleka pale bomba linapoishia, pawe nje au pawe darini. Mafundi wengi tunajua kuunganisha umeme wa feni. Njia ya kuingilia hewa na njia ya kutokea ndizo tunazozisahau, na humo ndimo zilimo hasara zote nilizoitwa kuzirekebisha.

Kwa nini nyumba za sasa zinahitaji feni

Nyumba za zamani za Ujiji na Mwanga zilipumua zenyewe. Juu ya kila dirisha palikuwa na matundu ya hewa, kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi, na mbao za madirisha hazikubana sawasawa. Nyumba tunazojenga leo zina madirisha ya aluminiamu yenye mpira, dari ya jipsamu iliyopigwa skimu hadi pembeni, vigae, na choo ndani ya chumba cha kulala. Jua likizama tunafunga kila kitu kwa ajili ya mbu na wezi. Watu wawili wanalala humo kwa muda wa saa nane, wanapumua, taulo mbichi limetundikwa mlangoni, na nje hewa ya ziwani nayo ina unyevu wake kuanzia mvua za kwanza za Oktoba au Novemba mpaka Mei. Asubuhi chumba kinanuka uvundo, viatu vya ngozi vimeota ukungu kabatini, na mtoto mwenye pumu anakohoa.

Kuna mita ndogo za kupima unyevu, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kielektroniki. Iweke chumbani wiki moja. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 60 uko salama. Ukiona unabaki juu ya 70 siku baada ya siku, ukungu utaota tu hata upake rangi ya aina gani.

Mfumo upi ufunge

Ipo mifumo ya aina tatu. Wa kwanza unatoa hewa chafu kwa feni, na hewa safi inaingia yenyewe kupitia matundu. Wa pili unaingiza hewa safi kwa feni, na chafu inasukumwa itoke. Wa tatu una feni mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, zinazofanya kazi kwa kiasi sawa.

Huo wa tatu ndio unaosifiwa sana Ulaya, na mteja mmoja aliwahi kuniletea picha zake akitaka ule ule. Kule una sababu yake. Nje kuna baridi kali, ndani wamepasha moto, kwa hiyo hewa ya ndani inayotoka inapitishwa ubavuni mwa hewa baridi inayoingia, zikitenganishwa na kuta nyembamba, na joto linahama kutoka hii kwenda ile. Vifaa vizuri hurudisha asilimia 80 ya joto na zaidi. Hapa Kigoma hatupashi nyumba moto, na tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni ndogo. Huna joto la kurudisha. Utanunua mashine ya gharama kubwa, mabomba mara mbili na vichujio vya kuagiza mbali, ili upate faida ambayo feni mbili za kawaida na matundu yaliyopangwa vizuri zingekupa.

Ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida ya Kigoma ni mfumo wa kwanza. Funga feni za kutoa kwenye bafu na jiko, halafu weka matundu ya kuingiza hewa vyumba vya kulala na sebuleni. Hewa itaingia mahali safi, itapita chini ya milango, na itatokea mahali pachafu. Ukiupindua mpangilio huo, harufu ya choo itakufuata hadi kitandani.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kwenda dukani

Kazi inaanza na futi, drili inasubiri. Pima urefu, upana na kimo cha chumba, zidisha, upate mita za ujazo. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye kimo cha mita 2.7 lina mita za ujazo 8.1. Feni ikiwaka, hewa yote ya bafu inatakiwa ibadilike kama mara 8 kwa saa, yaani mita za ujazo 65 kwa saa. Jiko linataka mara 10 hadi 15. Kwa jiko la mita 3 kwa 3 na kimo cha 2.8, ukichukua mara 12 unapata kama mita za ujazo 300 kwa saa. Chumba cha kulala hesabu watu: kila mmoja mita za ujazo 30 kwa saa, kwa hiyo chumba cha wawili ni 60.

Kwenye boksi la feni utakuta kiasi kimeandikwa kwa vipimo tofauti. Ukiona CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha kwa 1.7. Ukiona L/s (lita kwa sekunde), zidisha kwa 3.6. Hapo umepata mita za ujazo kwa saa. Halafu punguza theluthi moja, kwa sababu namba ya boksi mara nyingi imepimwa feni ikiwa haina bomba, wavu wala kona. Feni iliyoandikwa 100 itakupa kama 65 ikishafungwa. Kwa bafu letu hiyo inatosha, na feni nyingi za nchi 4 (yaani inchi 4, upana wa mdomo wake) zinafika huko. Kwa lile jiko tafuta ya 450 kwenda juu, ambayo kwa kawaida ni ya nchi 8 ya kufunga ukutani.

Angalia na aina yake. Feni za bei nafuu zina panga kama za feni ya mezani, zinasukuma hewa vizuri ukutani au kwenye bomba fupi. Bomba likizidi mita 2 zinachoka: unazisikia zinavuma lakini hewa haitoki. Kwa bomba refu nunua ile inayofungwa katikati ya bomba, au yenye gurudumu la mapezi madogo ndani. Soma pia desibeli, kipimo cha kelele. Feni ya bafu la masta ikizidi 40 utaizima usiku wa kwanza, na feni iliyozimwa haisaidii mtu.

Umeme wake usikutishe. Feni ya nchi 4 ya wati 20 ikiwaka saa 5 kwa siku inakula uniti 3 tu za LUKU kwa mwezi.

Hatua ya pili: njia ya kutokea

Kwa bomba mimi natumia PVC ya nchi 4, ile ile ya majitaka. Kipenyo chake cha nje ni milimita 110, na mdomo wa feni ya nchi 4, ambao ni milimita 100, unaingia ndani yake. Ukizungushia tepu unabana kabisa. PVC ni laini ndani, haiozi, na kila duka la vifaa pale Mwanga wanayo. Mabomba ya kukunjika ya foili yanarahisisha kazi lakini mikunjo yake inapunguza hewa na kukusanya vumbi na maji. Ukilazimika kuyatumia, yavute yanyooke kabisa na uyafunge kwenye kenchi (mbao kuu za paa) yasining'inie, maana pale linapolegea ndipo maji yatakapotuama.

Bomba liwe fupi na lenye kona chache. Elbo moja ya nyuzi 90 inakurudisha nyuma kama umeongeza mita moja au zaidi ya bomba. Ukiweza weka mbili za nyuzi 45. Liinamishe kuelekea nje, sentimita moja kwa kila mita angalau, ili mvuke ukigeuka maji utiririke nje usirudi kwenye mota.

Litokee wapi? Ukutani, chini ya paa, ndipo pazuri. Kutoboa bati nakuepusha, labda pasiwe na njia nyingine kabisa, kwa sababu tundu la bati ni deni utakalolipa kila mvua. Na usiliishie chini ya upenu palipo na matundu ya kupumulia dari: ule mvuke utapanda na kurudi juu ya dari, uwe umefanya kazi bure. Mdomo wa nje ukae mbali na madirisha, mita 2 au 3, na usitazame kwa jirani kama mmejenga kwa kubanana. Kwa nyumba zilizo mteremkoni zikitazama ziwa, kumbuka mchana upepo unapiga kutoka ziwani. Mdomo ukielekezwa huko feni itashindana na upepo. Upeleke ubavuni au nyuma.

Mdomoni funga kofia yenye kipepeo kinachojifunga feni ikizimwa, na wavu wa matundu ya kama nusu sentimita wa kuzuia popo na ndege. Wavu wa mbu usiuweke upande wa kutokea. Utaziba kwa vumbi na mafuta ndani ya miezi michache, na kipepeo kikifunga vizuri mbu hapiti.

Hatua ya tatu: njia ya kuingilia

Hapa nilikosea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Katubuka, kwenye feni ya kwanza niliyojifungia. Bomba lilikuwa safi, waya safi, feni inanguruma. Nikachukua karatasi ya chooni, nikaisogeza kwenye wavu wa feni nione inavyovutwa. Ikaanguka. Nikapandisha tena, ikaanguka tena. Nikafungua feni nikiamini ni mbovu. Mke wangu akafungua mlango wa bafu aniulize kama nimemaliza, na pale pale karatasi ikanyakuliwa mkononi mwangu ikagandia juu. Mlango nilikuwa nimeufunga mpira pande zote nne.

Kanuni ninayoitumia tangu siku ile ni kwamba uwazi wa kuingilia usiwe mdogo kuliko mdomo wa feni. Mdomo wa nchi 4 una eneo la karibu sentimita za mraba 80. Mlango wa bafu wa sentimita 70 ukikatwa chini sentimita moja na kidogo, umepata eneo hilo hilo. Pima kutoka juu ya kigae, na kumbuka kapeti kama lipo. Asiyetaka kukata mlango aweke luva ya mbao au plastiki sehemu ya chini ya mlango.

Chumba cha kulala kiwekee tundu la ukutani, juu kiasi cha mita 2 kutoka sakafuni ili hewa isikupige moja kwa moja kitandani. Kipande cha PVC ya nchi 4 kilichopita ukuta mzima, kimeinamia nje, kina kofia ya mvua nje na wavu wa mbu ndani, kinatosha kwa mtu mmoja. Kwa wawili weka viwili. Wavu wa mbu wenyewe unapunguza hewa, kwa hiyo tengeneza fremu yake pana kuliko bomba na iwe ya kuchomoka, uweze kuuosha. Vumbi letu jekundu la Julai na Agosti linaziba wavu haraka kuliko unavyodhani.

Jikoni, feni ya nchi 8 ina mdomo wa sentimita za mraba zaidi ya 300. Fungua dirisha lililo upande wa pili wa chumba, lisiwe lile la karibu na feni. Dirisha la jirani yake likiwa wazi, hewa itatoka dirishani na kuingia kwenye feni moja kwa moja, na moshi wa samaki wako wa migebuka utabaki umekuzunguka.

Nyumba mpya: fanya kabla ya plasta

Mwenye kujenga ana bahati. Ukuta ukifika usawa wa linta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) mwambie fundi mwashi aache vipande vya PVC vimelala ukutani mahali pote ulipopanga matundu, vimezibwa karatasi ya saruji midomoni. Gharama yake ni vipande vya bomba tu. Baada ya plasta utalipa drili, vumbi na rangi upya.

Waya nao upite kabla ya plasta. Feni ya kawaida inataka waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka laini ya taa, pamoja na waya wa ethi. Ukipenda feni yenye taima, ile inayoendelea kuwaka dakika 15 au 20 baada ya wewe kutoka bafuni, vuta nyaya mbili za moto: mmoja wa kudumu, mwingine unaopita kwenye swichi. Mafundi wengi huvuta mmoja tu, na mwenye nyumba anaponunua feni ya taima miaka miwili baadaye inambidi achimbue ukuta. Mimi naipenda taima kuliko mtindo wowote mwingine, kwa sababu mvuke mwingi unabaki bafuni baada ya mtu kumaliza kuoga, na hapo ndipo wengi wanazima.

Wanaotaka feni moja kubwa darini ihudumie mabafu mawili au matatu, inawezekana. Bomba kuu liwe la nchi 6, matawi ya nchi 4, na matawi yakaribiane urefu. La karibu likiwa fupi sana litanywa hewa yote. Feni itundikwe kwenye kenchi kwa kamba za mpira ili mtikisiko usishuke kwenye jipsamu, na iachiwe mlango wa dari wa kuifikia. Jiko lisiunganishwe humo kabisa. Mafuta ya mawese yakishaganda ndani ya bomba la pamoja, hakuna atakayeyatoa, na mafuta hayo yanashika moto.

Nyumba ya zamani: soma ukuta kwanza

Ukuta wa tofali za saruji au za kuchoma hauna shida. Chora duara, toboa matundu madogo kuzunguka mstari kwa drili, halafu malizia kwa tindo na nyundo, nusu kutoka ndani na nusu kutoka nje ili plasta isimeguke. Kaa mbali na pembe ya nyumba, nusu mita angalau, na usiguse linta: ukikutana na nondo, hama.

Tofali mbichi ni habari nyingine, na Ujiji bado zipo nyingi. Drili ya kugonga itautingisha ukuta wote. Niliwahi kufunga feni jikoni kwa bibi mmoja pale Ujiji, ukuta una umri kuliko mimi. Nililowesha sehemu ile kwa brashi, nikakata polepole kwa msumeno wa mkono mwembamba, tofali likikatika kama mkate mkavu. Feni sikuifunga kwa skrubu kwenye udongo, zisingeshika. Nilitengeneza fremu ya mbao, nikaipachika ndani ya tundu na kuizungushia udongo uliochanganywa na majani makavu na saruji kidogo, nikaiacha siku tatu ikauke, ndipo feni ikakaa kwenye fremu.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda ananitazama. "Mjukuu wangu, hiyo mashine italeta upepo?" Nikamwambia, "Haileti bibi, inatoa moshi." Akafikiri kidogo, akanyoosha mkono kwenye matundu ya juu ya dirisha, yaliyokuwa yamezibwa magunia kwa ajili ya popo. "Basi nitoleeni na yale magunia. Moshi ukitoka, upepo si lazima upate pa kupita?" Tukayatoa, tukaweka wavu.

Bibi anapikia mkaa. Kwa anayepikia kuni nasema wazi, feni ya plastiki si yake. Masizi yataiziba na joto litaiyeyusha. Ajengewe dohani, njia ya kutolea moshi, inayoanzia juu ya moto.

Kama nyumba ina paa la zamani la shiti za kijivu ngumu kama saruji, usitoboe wala usikate mpaka uhakikishiwe si asibesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na linaleta saratani. Tokeza bomba ukutani.

Kuunganisha umeme

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na uwepo akifanya. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba waya hauna moto, na mwambie kila mtu nyumbani asiiwashe. Swichi ikae nje ya bafu. Feni iliyo juu ya mahali pa kuogea iwe imeandikwa IPX4 au zaidi, maana yake inahimili maji ya kurukia. Viungio viwe ndani ya boksi lenye kifuniko, kwa konekta. Nimekuta juu ya dari nyaya zilizosokotwa na kufungwa mfuko wa nailoni, na panya walishafika hapo kabla yangu.

Sehemu zisizo na umeme wa gridi, au anayetaka chumba kipumue umeme ukikatika, zipo feni za volti 12 za mkondo wa sola. Paneli ya wati 20 inaendesha feni ndogo ya wati 5 hadi 10 mchana, na ukiongeza betri na kidhibiti chaji inafika usiku. Nguvu yake ni ndogo, lakini kwa choo au stoo ya nafaka inafaa.

Kuijaribu

Funga madirisha, funga mlango, washa feni. Karatasi moja ya chooni inyonywe na igandie. Halafu washa udi, usogeze chini ya mlango: moshi uingie ndani ya bafu. Nenda kwenye tundu la chumbani, moshi uingie chumbani. Mwisho panda darini na udi ule, pita kila kiungio cha bomba huku feni inawaka. Moshi ukisukumwa mbali na kiungio, hewa inavuja hapo, rudia tepu. Toka nje uweke mkono kwenye mdomo, usikie hewa. Fundi asiyekubali ukae naye kwenye jaribio hili usimmalizie hela.

Jaribio la mwisho ni la jiko la mkaa. Washa feni ya jikoni kwa nguvu yote na madirisha yamefungwa, uone kama moshi wa dohani au wa jiko lililo barazani unarudishwa ndani. Ukirudi, ongeza njia ya kuingilia kabla ya kuitumia. Na feni isikudanganye ukaingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi ya mvua. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na umeme ukikatika usiku wa manane feni imesimama nawe umelala.

Kuitunza

Feni ya bafu ifute vumbi kila miezi mitatu. Ya jikoni kila mwezi, na kwa nyumba inayokaanga dagaa kwa mawese isipite wiki tatu: chomoa umeme, toa panga, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni na magadi kwa nusu saa, sugua, kausha kabisa kabla ya kurudisha. Panga lenye mafuta upande mmoja linayumba, na mota inaungua mapema.

Nyavu za kuingizia osha Septemba mwishoni, vumbi likiwa limeshakusanyika na mvua bado. Siku hiyo hiyo kagua kipepeo cha nje kama kinafunguka na kufunga, na panda darini utazame upande wa chini wa bati juu ya bafu. Pale Gungu tuliweka bomba la mita moja na nusu hadi ukutani, tukabadilisha papi mbili na kipande cha jipsamu. Nilirudi baada ya mvua kukata, nikapanda na tochi ile ile. Bati lilikuwa kavu, na vumbi juu ya papi mpya lilikuwa vumbi kavu la kupulizika.